Daraja likiinuliwa, nani analipa? Hesabu za ratiba ya Chicago

Kila mwaka baridi inapokwisha, wenye boti za tanga mjini Chicago, Marekani, huzitoa boti zao katika yadi zilizoko kando ya mto na kuzipeleka Ziwa Michigan, ambako hukaa hadi baridi inapokaribia kurudi. Safari yenyewe ni fupi na kwa gari ni dakika chache tu. Lakini njiani pana madaraja 27 ambayo lazima yainuliwe moja baada ya jingine, kwa kuwa milingoti ya boti hizo ni mirefu kuliko nafasi iliyopo chini ya madaraja hayo yakiwa yamelala. Kwa mujibu wa idara ya usafirishaji ya jiji hilo, kila daraja huchukua wastani wa dakika nane hadi 12. Mwenye kalamu atapata kwamba msafara mmoja huchukua kati ya dakika 216 na dakika 324, yaani karibu nusu ya siku ya kazi.

Mtu anaweza kudhani hayo ni mambo ya matajiri na starehe zao. Hata hivyo, ndani yake mna suala la kibiashara ambalo limezisumbua halmashauri nyingi za miji yenye mito. Kuinua daraja ni huduma inayotakiwa na sheria, anayeitumia haandikiwi ankara, anayeigharimia ni mlipa kodi wa jiji, na anayepata hasara wakati inapotolewa ni mtu wa tatu kabisa, yule aliyeko ndani ya basi au gari upande wa barabarani. Mahali ambapo huduma haina bei, kitu kingine lazima kifanye kazi ya bei. Hapa kitu hicho ni ratiba.

Gharama iko wapi

Madaraja mengi ya Chicago ni ya aina moja, na jiji hilo linajulikana kwa aina hiyo tangu daraja la barabara ya Cortland lilipofunguliwa mwaka 1902. Daraja limekatwa katikati, na kila nusu huinuka kama mkono wa mizani ya dukani. Mwisho wa nyuma wa kila nusu, chini ya barabara, kuna uzani mkubwa unaolingana na uzito wa mbele. Kwa kuwa pande mbili zimesawazishwa, mota inayoinua haihitaji nguvu kubwa kama mtu atakavyofikiri akiliona daraja la chuma na magari yanayopita juu yake. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupunguza gharama za kuinua daraja asianzie kwenye bili ya umeme.

Gharama yenyewe ni watu. Lazima awepo mtu wa kushusha vizuizi vya barabara, kuhakikisha hakuna gari wala mwenda kwa miguu aliyebaki juu, kuinua, kupisha boti, kushusha na kufunga komeo. Zamani mto ulipojaa meli za mizigo, mtu huyo alikaa katika kibanda cha daraja lake. Biashara hiyo ilipopungua, vibanda vingi vilibaki vitupu. Siku hizi jiji hutumia vikosi vinavyorukana: kikosi kimoja kinainua daraja la kwanza, kingine kimekwishatangulia kwa gari hadi la pili, na cha kwanza kikimaliza kinapanda gari kwenda la tatu. Ndivyo inavyowezekana kuhudumia madaraja 27 bila kuajiri watu kwa kila kibanda.

Nyuma ya mishahara ya siku ya msafara kuna gharama ambazo hazitegemei kama boti zimepita au la. Gia hupakwa grisi, chuma hupigwa rangi, vipuri hutengenezwa kwa oda kwa sababu havipatikani madukani. Siku za joto kali chuma hutanuka, na jiji hulazimika kuyamwagia maji baadhi ya madaraja ili ncha zake zisibanane. Daraja lisiloinuliwa kwa muda mrefu nalo huzusha matatizo yake. Kwa lugha ya wahasibu, sehemu kubwa ya gharama za daraja ni gharama za kudumu. Ratiba haiwezi kuzigusa hizo. Inachoweza kugusa ni mishahara ya vikosi, malipo ya muda wa ziada, magari, na muda wa watu wanaosubiri.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu maofisa wa miji, wanapotaka kupunguza siku za kufungua, hupenda kutaja gharama nzima ya madaraja kana kwamba yote itaokolewa. Kinachookolewa ni sehemu tu.

Mto ulikuwapo kabla ya barabara

Halmashauri ya Chicago haina mamlaka ya kuamua yenyewe daraja lifunguliwe lini. Kwa sheria za Marekani, mto unaopitika kwa vyombo ni njia ya umma, na aliyejenga daraja juu yake ndiye mgeni. Kanuni ya msingi inasema daraja lifunguliwe mara moja, tena kikamilifu, chombo kinapoomba, isipokuwa daraja hilo liwe na kanuni yake maalumu. Kuomba kwenyewe kuna utaratibu: honi moja ndefu ikifuatiwa na moja fupi. Mwendesha daraja hujibu vivyo hivyo kama yuko tayari, na kama hawezi kufungua hupiga honi fupi tano. Siku hizi maneno mengi hupita kwa redio, lakini honi bado zimo katika kanuni.

Mwenye boti naye amewekewa masharti. Haruhusiwi kuomba daraja liinuliwe ikiwa chombo chake kinaweza kupita kwa kushusha vitu kama antena na fimbo za kuvulia, ambavyo si vya lazima katika uendeshaji. Mlingoti wa boti ya tanga hauhesabiwi hivyo.

Anayeandika kanuni maalumu ni Walinzi wa Pwani wa Marekani, waliorithi kazi hiyo mwaka 1967 kutoka kwa wahandisi wa jeshi. Mwenye daraja akitaka ratiba ibadilishwe huandika barua na kueleza sababu. Walinzi wa Pwani hutangaza pendekezo katika gazeti la serikali, hukaribisha maoni ya umma, na wanaweza kuruhusu majaribio ya hadi siku 180 kabla ya kuamua. Kipimo chao ni mahitaji ya kawaida na ya haki ya vyombo vya majini. Lakini sheria hiyo hiyo inawaagiza, pale inapowezekana, waweke saa maalumu za kufungua katika majira na nyakati ambazo kufanya hivyo kutapunguza msongamano wa magari. Kwa maneno mengine, sheria imempa mwenye boti haki ya kupita, kisha ikafungua mlango wa kujadili lini atapita.

Mvutano wa miaka ya 1990

Katika mlango huo ndipo jiji la Chicago lilipopitia. Hali ilikuwa imebadilika. Boti za watalii zinazopita katikati ya mji ni fupi na hazihitaji kuinuliwa daraja. Majahazi ya mizigo yanayosukumwa na matishari yanaendelea kupita, lakini matishari mengi ya huko yana chumba cha nahodha kinachoweza kushushwa na kupandishwa, hivyo hupita chini. Meli ndefu za mizigo zilikuwa zimekwisha kuwa chache. Waliobaki wakihitaji madaraja kufunguliwa, kwa sehemu kubwa, ni wenye boti za tanga, tena kwa misimu miwili tu kwa mwaka.

Kwa kanuni ya msingi, boti moja ya tanga ingeweza kudai njia siku ya kazi, na mfululizo wa madaraja yaliyo katikati ya mji ukainuliwa kwa ajili yake. Miongoni mwa madaraja hayo limo la barabara ya Lake na la barabara ya Wells, ambayo yana ghorofa mbili: magari chini, treni za abiria za mjini juu. Yakiinuliwa, treni nazo husimama. Jiji lilitaka boti zikusanywe na kupita kwa misafara, mwishoni mwa wiki na nyakati chache nyingine.

Wenye yadi za boti walikataa. Hoja yao haikuwa ya starehe bali ya kazi. Yadi ina winchi zake, mafundi wake na nafasi yake ya maji. Boti zikiruhusiwa kuondoka siku yoyote, yadi hushusha chache kila siku na mafundi hufanya kazi kwa mwendo wa kawaida. Zikiruhusiwa siku mbili tu kwa wiki, zote lazima ziwe majini na milingoti imesimamishwa kabla ya siku hiyo. Mafundi hulipwa muda wa ziada, gati hujaa, na upepo mkali ukivuma siku ya msafara kazi yote husukumwa hadi msafara unaofuata. Juu ya hayo kuna hofu kubwa zaidi: mteja akichoka kusubiri atahamia yadi iliyoko ziwani, ambako hakuna hata daraja moja njiani. Kwa yadi ya mtoni, ratiba ni sehemu ya bidhaa anayoiuza.

Mwaka 1994 mvutano huo ulifika mahakama ya shirikisho mjini Washington, wenye yadi wakipinga namna Walinzi wa Pwani walivyoruhusu vizuizi vipya. Kanuni ya kudumu ilikuja mwaka 1995, na ukiisoma unaona alama za mikono ya pande zote mbili. Jiji lilipata misafara. Boti hupita asubuhi mwishoni mwa wiki, Jumatano asubuhi, na Jumatatu na Ijumaa jioni baada ya saa za msongamano, kwa taarifa iliyotolewa mapema; kwa misafara ya mwishoni mwa wiki taarifa hiyo ni ya saa 20 kabla. Wenye boti walibakiziwa njia ya kuomba nyakati za ziada wakikusanyika kundi. Vyombo vya biashara viliwekewa masharti yake tofauti.

Kwa vitendo, utaratibu umetulia katika siku mbili. Katika miaka ya karibuni jiji limekuwa likitangaza misafara ya Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi na Jumatano kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Mtu anaweza kuuliza kwa nini Jumatano iachwe, nayo ni siku ya kazi. Jibu liko katika saa. Saa tatu na nusu watu wengi wamekwishafika ofisini, na msafara ukienda kama ilivyopangwa unamalizika kabla ya jioni. Aidha, Jumatano huipa yadi nafasi ya pili katika wiki. Jumamosi ikiharibika, mteja husubiri siku nne badala ya saba.

Hesabu ya kwanza: kikosi

Ili kuona kwa nini pande zote mbili zilikuwa na hoja, inafaa kuchukua mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu, si za vitabu vya jiji. Tuseme msafara mmoja, kuanzia daraja la kwanza hadi la mwisho, unagharimu dola 4,000 za mishahara na magari, bila kujali idadi ya boti. Ikipita boti moja, gharama kwa boti ni dola 4,000. Zikipita 20 kwa pamoja ni dola 200. Zikipita 40 ni dola 100.

Angalia mahali akiba ilipo. Kutoka boti moja hadi 20 jiji limeokoa dola 3,800 kwa kila boti. Kutoka 20 hadi 40 limeokoa dola 100 tu. Lakini kwa mwenye boti mambo ni kinyume chake. Kukusanya boti 20 pengine ni kusubiri siku tatu au nne. Kukusanya 40 ni wiki nzima au zaidi. Akiba ya jiji inazidi kuwa ndogo kadiri msafara unavyokuwa mkubwa, na usumbufu wa yadi unazidi kuwa mkubwa. Panapokutana mistari hiyo miwili ndipo ratiba nzuri ilipo, na si ajabu kwamba Chicago haikuishia kwenye siku moja kwa wiki wala siku saba.

Hesabu ya pili: foleni

Madereva nao? Hapa kuna jambo linalowapita wengi. Tuseme daraja moja linafikiwa na magari 20 kila dakika. Kushusha vizuizi, kuinua na kushusha daraja kunachukua dakika sita, na kila boti inahitaji dakika moja kupita. Boti moja ikipita peke yake, barabara inafungwa kwa dakika saba. Magari 140 yanasimama, na kwa kuwa la kwanza linasubiri dakika saba na la mwisho halisubiri karibu chochote, wastani ni dakika tatu na nusu. Jumla ya muda uliopotea ni dakika 490. Boti kumi zikipita kila moja kwa wakati wake, hasara ni dakika 4,900.

Boti hizo kumi zikipita kwa msafara, barabara inafungwa mara moja kwa dakika 16. Yanasimama magari 320, wastani wa kusubiri ni dakika nane, na jumla ni dakika 2,560. Hasara imepungua kwa karibu nusu. Ni nafuu, lakini si ile ya mara kumi ambayo mtu angeitarajia baada ya kusikia kwamba daraja sasa linafunguliwa mara moja badala ya mara kumi. Sababu ni kwamba foleni haikui kwa kufuata muda sawasawa: muda wa kufunga ukiongezeka maradufu, magari yanayonaswa huongezeka maradufu na kila moja husubiri maradufu, hivyo hasara huwa mara nne. Tena dereva wa kwanza, ambaye zamani angesubiri dakika saba, sasa anasubiri 16. Huyo ndiye anayepiga simu kwa diwani.

Linganisha na kikosi. Gharama ya kukiita mara moja badala ya mara kumi imepungua kwa tisa ya kumi. Kwa hiyo anayenufaika zaidi na misafara ni mwajiri wa waendesha daraja, kisha dereva. Jiji linapotetea ratiba mpya kwa kuwataja madereva peke yao, msomaji ana haki ya kuangalia pia daftari la mishahara. Dereva ananufaika zaidi na saa iliyochaguliwa kuliko na idadi ya boti. Daraja likifungwa kwa dakika 16 saa nne asubuhi, wakati magari ni nane kwa dakika, hasara inashuka hadi dakika 1,024. Kuhama kutoka saa ya msongamano kumemsaidia kuliko kukusanya boti.

Miji mingine

Seattle, katika jimbo la Washington, inaonyesha upande wa pili wa hesabu. Daraja la Fremont, lililofunguliwa mwaka 1917, liko futi 30 tu juu ya maji, na huinuliwa wastani wa mara 35 hivi kwa siku. Pale hakuna haja ya vikosi vinavyorukana. Mwendesha daraja ana kazi ya kutosha zamu nzima, na gharama kwa kila mara ya kufungua ni ndogo. Kwa hiyo ratiba ya Seattle haihusiki sana na mishahara. Inachofanya ni kuzifunga saa za msongamano, asubuhi na jioni siku za kazi, kwa boti za starehe, huku meli zenye tani 1,000 na zaidi zikiachiwa njia. Kuisimamisha meli kubwa katika mfereji mwembamba ni hatari, na muda wake ni wa bei kubwa.

London haikufunga saa, imetumia taarifa. Daraja la Tower Bridge lilipofunguliwa mwaka 1894 liliinuliwa zaidi ya mara 6,000 katika mwaka wake wa kwanza. Siku hizi ni kama mara 800 kwa mwaka. Chombo kinachohitaji kupita hutoa taarifa saa 24 kabla, hakilipi kitu, na kikifika kwa wakati barabara ndiyo inayosubiri. Mwezi Mei 1997 msafara wa magari wa Rais Bill Clinton wa Marekani ulikatwa vipande viwili, sehemu moja ng'ambo hii na nyingine ng'ambo ile, kwa sababu jahazi la zamani lilikuwa limekwishapangiwa muda wake. Saa hizo 24 za taarifa ni chombo cha usimamizi chenye bei nafuu kuliko vyote: hazimnyimi mtu njia, lakini zinampa mwenye daraja nafasi ya kupanga watu wake na kuwatangazia wenye magari.

Uholanzi ndiko kwenye desturi ya kutoza. Katika baadhi ya miji mwendesha daraja hushusha kiatu cha mti kilichofungwa kwenye kamba, mwenye boti akatia sarafu ndani yake. Kwa mwanauchumi hilo ndilo jibu safi kuliko yote, lakini tozo hiyo haiwezi kufikia hasara ya walioko barabarani.

Wapo pia walioamua kununua tatizo zima. Daraja la Woodrow Wilson, karibu na jiji la Washington, lilikuwa futi 50 juu ya maji na likifunguliwa kiasi cha mara 260 kwa mwaka, katikati ya barabara kuu yenye magari mengi. Jipya, lililokamilika kwa awamu mwaka 2006 na 2008, liliinuliwa hadi futi 70, na makadirio yalikuwa kwamba lingefunguliwa kama mara 60 tu. Futi 20 za ziada zilifanya kazi ambayo hakuna ratiba ingeweza kuifanya. Chicago haiwezi kufuata mfano huo, kwa kuwa barabara zake za katikati ya mji haziwezi kupandishwa bila kuzika milango ya majengo yaliyoko kandoni.

Mombasa na Dar es Salaam

Suala hili si geni sana katika pwani yetu kama linavyoonekana. Januari 2021 Mombasa ilifungua daraja la kuelea la waenda kwa miguu kati ya Liwatoni na Ras Bofu upande wa Likoni, lililogharimu karibu shilingi bilioni 1.9 za Kenya, ili kupunguza msongamano katika feri. Kwa kuwa lilikata mkondo wa kuingilia bandarini, lilitengenezwa na sehemu ya katikati inayosogezwa kupisha meli, na watu wakapangiwa kulitumia saa za asubuhi na jioni. Hesabu iliyofanyika pale ni ile ile ya Chicago, ila imegeuzwa. Huko boti za starehe ndizo zilizobanwa katika saa chache ili magari yapite. Mombasa walibanwa watembea kwa miguu, kwa sababu kilichokuwa kikisubiri upande wa majini ni meli ya mizigo, ambayo kuisimamisha hata kwa saa chache ni fedha nyingi kwa mwenye meli, kwa bandari na kwa waagizaji wa bidhaa hadi Kampala na Kigali.

Abiria wa pantoni ya Magogoni na Kigamboni, Dar es Salaam, naye anaijua hali hiyo ingawa hana daraja la kuinuka. Meli inapoingia au kutoka bandarini, pantoni husubiri. Hakuna anayebisha kwamba meli itangulie. Linaloweza kujadiliwa ni kama saa za kuingiza meli zinaweza kupangwa, pale maji na marubani wa bandari wanaporuhusu, zisiangukie wakati ambapo maelfu ya wafanyakazi wako gatini. Muda wa abiria hao hauandikwi katika ankara ya mtu yeyote, na kitu kisichoandikwa katika ankara husahauliwa kirahisi wakati wa kupanga.

Tofauti kubwa ni namna ya kudai. Madereva wa Chicago ni wengi, na kila mmoja hupoteza dakika chache mara chache kwa mwaka, hawakwenda mahakamani. Wenye yadi ni wachache, kila mmoja alikuwa na biashara nzima ya kupoteza, na ndio waliokwenda. Utaratibu wa kutangaza pendekezo, kupokea maoni na kujaribu kwa muda uliwapa wote wawili mahali pa kuleta hesabu zao zikiwa zimeandikwa, na Walinzi wa Pwani wakalazimika kuzisoma kabla ya kutia saini.

Ratiba ya misafara hutangazwa na jiji kila msimu. Mwenye boti anayeikosa ya Jumamosi anaweza kusubiri Jumatano, au kumlipa fundi ang'oe mlingoti, aulaze juu ya boti, apite chini ya madaraja yote 27 siku yoyote apendayo, kisha amlipe tena wa ziwani ausimamishe.